Jinsi ya Kukusanya Modeli za Magari ya Mashindano Zenye Nakshi Kamili kwa Bajeti Ndogo

Wengi wanaoanza kukusanya magari haya hukwama mahali pamoja: wananunua kwanza, wanafikiri baadaye. Leo ni gari la Formula 1 la ukubwa wa 1:43 kwa sababu imeshushwa bei, kesho gari la rali la 1:24 kwa sababu lilikuwa mbele ya macho, keshokutwa gari la Le Mans (mbio za saa 24 za Ufaransa) la 1:18 kwa sababu muuzaji ameapa kwamba halitapatikana tena. Mwaka ukiisha, rafu imejaa, mfuko umekauka, na lile gari moja walilolitamani tangu mwanzo bado hawana.

Mwongozo huu unaanzia kwenye uamuzi na kuishia kwenye rafu. Hatua tatu za mwanzo hazina utamu mwingi, lakini ndizo zinazookoa fedha. Utamu uko Hatua ya 8, pale gari la bei ya chini linapopata sura ya gari la bei ya juu kwa kazi ya mikono yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Huhitaji kuvinunua vyote siku moja. Vile viwili vya kwanza, hata hivyo, viwepo kabla hujanunua gari lolote.

- Daftari, au jedwali kwenye simu, la kuandikia kila gari na kila gharama.
- Rula yenye milimita na kioo cha kukuzia. Kamera ya simu nayo inatosha.
- Brashi laini ya vipodozi, mpya, isiyowahi kugusa poda.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, kama ile ya wapiga picha.
- Vijiti vya pamba, vijiti vya meno na kibano chenye ncha nyembamba.
- Maji yaliyokenekwa, yasiyoacha madoa meupe yakikauka, pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Rangi za akriliki za maji: nyeusi isiyong'aa, kijivu cha giza, kahawia ya giza na fedha. Brashi mbili, namba 0 na namba 000.
- Gundi nyeupe ya PVA, msasa laini wa namba 1000 au zaidi, utepe wa karatasi wa mafundi rangi, kisu chembamba na bisibisi ndogo.
- Vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

## Hatua ya 1: Andika sentensi moja inayofunga mkusanyo

Bajeti ndogo haiwezi kuhudumia mkusanyo usio na mwisho. Andika sentensi inayosema unakusanya nini, kisha hesabu magari yaliyomo. Ukiweza kuyahesabu, una mada. Usipoweza, una deni linalosubiri kuiva.

Mifano ya mada zilizofungwa vizuri:

- Magari yaliyompa Ayrton Senna, dereva wa Formula 1 kutoka Brazili, ubingwa wa dunia. Ni matatu tu: McLaren MP4/4 ya 1988, MP4/5B ya 1990 na MP4/6 ya 1991.
- Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Nazo ni tatu, na zina raha yake, maana gari la Safari lilikuwa na vyuma vya kujikinga mbele na vifaa vingine ambavyo gari lile lile halikuvibeba kwenye rali za Ulaya.
- Washindi wa Le Mans wa miaka ya 1990, kuanzia Jaguar XJR-12 ya 1990 hadi BMW V12 LMR ya 1999. Hapo katikati kuna Mazda 787B, Peugeot 905, McLaren F1 GTR na Porsche 911 GT1-98.

"Ferrari zote" au "Formula 1 zote" si mada. Hata wenye fedha nyingi hawazimalizi.

Andika orodha yote kwenye daftari: mwaka, gari, namba ya mashindano, dereva. Namba ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu gari lile lile huuzwa kwa namba tofauti. Mazda 787B iliyoshinda Le Mans 1991 ilikuwa namba 55. Ilikuwapo 787B nyingine, namba 18, ambayo haikushinda. Asiyejua hilo hununua namba 18 akifurahia bei yake nzuri.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kulitazama tangazo la gari zuri na kusema ndani ya sekunde tano, "halimo."

## Hatua ya 2: Chagua skeli moja, halafu uiheshimu

Skeli 1:43 maana yake gari halisi ni kubwa mara 43 kuliko modeli. Gari la Formula 1 la misimu ya 2022 hadi 2025 lilikuwa na urefu wa mita 5.5 hivi na upana wa mita 2, kwa hiyo hesabu ya urefu ni nyepesi:

- 1:64: karibu sentimita 8.6
- 1:43: karibu sentimita 12.8
- 1:24: karibu sentimita 23
- 1:18: zaidi kidogo ya sentimita 30

Sasa pima rafu yako. Kwenye rafu ya sentimita 80, magari ya 1:43 yakipangwa ubavu kwa ubavu, pua zikitazama mbele, na nafasi ya sentimita mbili na nusu katikati, yanaingia kama kumi na moja. Ya 1:18 yanaingia sita, na rafu yenyewe lazima iwe na kina cha zaidi ya sentimita 30. Watu hukumbuka bei ya gari na kusahau bei ya kabati.

Kwa magari ya mashindano na bajeti ndogo, mimi napendekeza 1:43. Ndiyo skeli yenye uteuzi mpana zaidi wa magari halisi ya mbio, ya zamani na ya sasa, na ukubwa wake unatosha kuonyesha usukani, mikanda na nembo za wadhamini. Skeli 1:64 imepiga hatua kubwa, hasa kwa magari ya GT (magari ya mbio yanayotokana na ya barabarani) kutoka Mini GT na Tarmac Works, na ndiyo inayomfaa mwenye chumba kidogo. Skeli 1:18 iache, isipokuwa kama mada yako haizidi magari matatu au manne.

Onyo: usichanganye skeli kwenye rafu moja. Jicho hulinganisha lenyewe, na gari la 1:43 likisimama karibu na la 1:18 huonekana kichezeo hata kama limetengenezwa vizuri zaidi.

## Hatua ya 3: Jua unalipia nini

Modeli hutengenezwa kwa njia kuu tatu, na kila njia ina mahali inapobana na mahali inapoachia.

Daikasti. Ni metali ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ina uzito mkononi, inavumilia kushikwa, na mara nyingi milango au boneti hufunguka. Kasoro yake ni unene: kingo za mabawa na nguzo za madirisha huwa nene kuliko inavyotakiwa. Bburago na Solido wako ngazi ya bei ya chini, IXO katikati, Minichamps juu yao.

Resini. Mwili humiminwa kwa resini, aina ya plastiki ngumu, na kufungwa moja kwa moja, hakuna kinachofunguka. Kwa kubadilishana na hilo unapata mistari myembamba, mabawa yenye unene unaoaminika na vipande vya chuma vilivyochongwa kwa kemikali. Spark ndiyo jina utakalokutana nalo mara nyingi kwa Le Mans na Formula 1. Looksmart na BBR hupanda juu zaidi na hujikita kwenye Ferrari. Resini ni dhaifu. Kioo cha pembeni kikiguswa na kidole kizito kinaondoka.

Modeli za kuunda mwenyewe. Tamiya wana Formula 1 za plastiki za 1:20 na magari mengine ya mbio ya 1:24. Boksi lenyewe linaweza kuonekana nafuu, lakini jumlisha rangi, gundi, vifaa na saa za kazi kabla ya kuliita nafuu. Ni burudani nyingine kabisa. Ingia kama unapenda kujenga, na usiifuate kwa ajili ya kubana matumizi.

Kuna chanzo cha nne ambacho wageni hawakijui: magari yanayotolewa pamoja na majarida ya mfululizo, kama yale ya DeAgostini, Altaya na Hachette. Kila toleo huja na gari moja la 1:43 na kijitabu. Mengi ni daikasti yenye umbo sahihi na nakshi chache. Kwa mwenye bajeti ndogo, hapa ndipo penye hazina: umbo huwezi kulirekebisha nyumbani, nakshi unaweza.

Toleo la kwanza la majarida haya huuzwa kwa bei ya chee ili ujiandikishe, kisha bei hupanda. Usijiandikishe. Nunua toleo moja moja kwa watu waliojiandikisha wakachoka. Matoleo ya mwanzo huwa tele sokoni. Ya mwisho huwa machache kwa sababu wengi walikuwa wameshajitoa.

## Hatua ya 4: Hesabu bei kamili

Bei kamili ni bei ya gari, pamoja na usafirishaji, ushuru, makato ya kubadilisha fedha, na kasha kama gari halina. Iandike hiyo kwenye daftari, wala si ile iliyo kwenye tangazo.

Mara nyingi usafirishaji wa gari moja la 1:43 hukaribia bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana magari matatu kutoka kwa muuzaji mmoja huwa nafuu kuliko magari matatu kutoka kwa wauzaji watatu, hata kama kila moja lina bei ya juu kidogo. Mwombe muuzaji akuwekee mzigo kwa wiki kadhaa hadi ufikishe vipande vitatu au vinne. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima na kulipwa kwa wakati.

Weka pia kiwango cha mwezi, na ambacho hakikutumika kivuke mwezi unaofuata. Fedha iliyorundikana ndiyo inayokuwezesha kununua gari adimu linapojitokeza, wakati wenzako wametumia zao kwenye vitu vya kupitisha muda.

## Hatua ya 5: Subiri, kisha winda

Gari jipya huwa ghali zaidi siku linapotoka. Msimu ukipita na timu kubadilisha rangi, maduka hutaka nafasi ya magari mapya, na hapo bei hulegea. Wakati mzuri wa kununua gari la msimu uliopita ni pale macho ya watu wote yako kwenye la msimu ujao.

Mahali pa kuwinda:

- Magari yenye boksi lililochakaa. Boksi la nje likikunjamana bei hushuka, na gari lililo ndani halijui.
- Magari yasiyo na boksi kabisa, yaliyokuwa yakioneshwa kabatini. Haya yakague kwa makini zaidi.
- Magari yaliyovunjika kidogo: kioo cha pembeni, antena, kipande cha bawa. Kama kipande kimo ndani ya boksi, ni kazi ya dakika kumi (Hatua ya 9).
- Mikusanyo inayouzwa kwa mkupuo. Nunua yote, chukua yako matatu, uza yaliyobaki. Inahitaji mtaji na subira, lakini ndiyo njia ya karibu zaidi ya kupata gari bure.
- Matangazo yenye majina yaliyokosewa. Tafuta kwa tahajia mbovu: "Minichamp", "Mclaran", "Burago". Wasioandika jina sawasawa hupata washindani wachache wa bei.

Oda za awali zinahitaji tahadhari. Zinafunga fedha yako kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kwa kitu ambacho hujakiona. Nakubali hali moja tu: gari la ushindi mkubwa, la resini, la idadi maalumu, ambalo limo kwenye orodha yako ya Hatua ya 1. La namna hiyo halishuki bei kirahisi. Mengine yote yanaweza kusubiri.

## Hatua ya 6: Kagua tangazo kabla ya kulipa

Usinunue kwa picha moja iliyopigwa kutoka mbali. Tuma ujumbe mfupi:

"Habari. Naomba picha ya bawa la mbele kutoka juu, bawa la nyuma kutoka nyuma, pande zote mbili, na chini ya gari. Kuna kipande chochote kilichowahi kugundishwa?"

Anayekataa kutuma picha ameshakujibu.

Picha zikija, angalia hivi:

1. Chini ya gari au kitako (kibao ambacho gari limesimamishwa). Jina la mtengenezaji na skeli vinapaswa kuonekana. Kama tangazo linasema 1:43 na hakuna alama, muulize urefu kwa milimita na ulinganishe na hesabu ya Hatua ya 2.

2. Namba, kofia ya dereva na mwaka vikubaliane. Mwaka 1988 Senna alikuwa namba 12 na Prost, mwenzake wa timu ya McLaren, namba 11. Kofia ya Senna ilikuwa ya njano. Ukiiona juu ya namba 11, kuna mtu amebadilisha kitu. Kwenye Williams FW14B ya 1992, namba 5 ya Mansell iliandikwa kwa rangi nyekundu.

3. Kamera na matairi. Kwenye Formula 1 za misimu ya karibuni, kamera iliyo juu ya kichwa cha dereva huwa nyeusi kwa gari la kwanza la timu na njano kwa la pili. Tangu 2019 matairi ya Pirelli huwa na alama nyeupe kwa magumu, njano kwa ya kati, nyekundu kwa laini, kijani kwa unyevu na bluu kwa mvua kubwa. Linganisha na picha za mbio zinazotajwa kwenye boksi.

4. Metali inayooza. Zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi, hupasuka kutoka ndani miaka mingi baada ya kutengenezwa. Tazama nyufa kama utando wa buibui, rangi iliyovimba, mlango usiofunga tena, chesisi iliyopinda kama ndizi. Hakuna tiba. Hata ukipewa kwa nusu bei, liache.

5. Dekali, yaani nembo nyembamba za kubandika. Zilizogeuka manjano au zenye kingo zilizoinuka zimepigwa na jua au unyevu. Zinabadilishika, lakini toa gharama ya dekali mpya kwenye bei unayotoa.

6. Nembo za tumbaku. Modeli nyingi za Marlboro, Camel au Rothmans huuzwa bila majina hayo. Hilo si kasoro ya kipande chako, na linarekebishika. Ila angalia mbio kwanza: sheria za baadhi ya nchi, Uingereza na Ujerumani miongoni mwao, ziliwafanya washindani waondoe majina hayo hata kwenye magari halisi. Huenda gari lako "lililokosa" nembo liko sahihi kabisa.

## Hatua ya 7: Fungua, kagua, safisha

Piga video unapofungua kifurushi, kuanzia kwenye boksi lililofungwa. Ni ushahidi wako pekee kama kuna kilichovunjika njiani. Fungulia juu ya taulo la rangi moja, kwa sababu kioo cha pembeni cha 1:43 kikidondoka kwenye zulia lenye maua kimekwenda.

Magari mengi yamefungwa kwenye kitako kwa skrubu kutoka chini. Shika kitako, usishike gari. Ukilazimika kulishika, lishike kwa magurudumu au ubavuni, kamwe si kwa mabawa. Nawa mikono, kausha. Glavu za pamba zinaonekana za kitaalamu, ila nyuzi zake hunasa kwenye antena, achana nazo.

Kusafisha huenda kwa utaratibu huu: pampu ya mpira, kisha brashi ya vipodozi, kisha kijiti cha pamba chenye maji na tone dogo la sabuni, kisha kijiti kingine chenye maji matupu. Acha likauke lenyewe.

Onyo: usitumie spiriti, asetoni wala kisafishia vioo. Nembo nyingi zimechapwa kwa wino juu ya rangi, na spiriti huzifuta kwa mpanguso mmoja. Mikebe ya gesi ya kupulizia vumbi nayo hutema majimaji baridi yanayoacha ukungu kwenye vioo.

## Hatua ya 8: Ongeza nakshi kwa mikono yako

Hapa ndipo gari la jarida linapopanda daraja. Anza na gari la bei ya chini kabisa ulilonalo, na jaribu kila kitu chini ya chesisi kwanza, mahali pasipoonekana. Fanya kazi moja kwa siku. Haraka ndiyo inayoharibu, maana rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani.

Matairi. Matairi yanayong'aa huisaliti modeli kuliko kitu kingine chochote. Pitisha msasa laini kwenye sehemu inayogusa ardhi tu, taratibu, mpaka mng'ao uondoke. Usiguse ubavu wenye maandishi. Ukimaliza, tairi linapaswa kuonekana limekimbia mizunguko kadhaa.

Mistari ya mwili. Milango, boneti na viungo vya bodi ni mifereji midogo ambayo kwenye modeli za bei nafuu huwa na rangi ile ile ya mwili, hivyo haionekani. Changanya tone la rangi ya akriliki na matone kama nane ya maji na chembe ya sabuni. Gusa mfereji kwa ncha ya brashi. Majimaji yatakimbia yenyewe. Subiri dakika moja, kisha futa yaliyozidi kwa kijiti cha pamba chenye unyevu ukikatiza mfereji, usiufuate, la sivyo utaifuta na rangi iliyo ndani.

Rangi ya mchanganyiko hutegemea rangi ya gari. Gari jeupe litumie kijivu, jekundu na la njano kahawia ya giza, la bluu nyeusi. Mistari myeusi kwenye gari jeupe hulifanya lifanane na mchoro wa katuni.

Ndani ya gari. Mikanda ya usalama ndiyo nakshi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Mkanda halisi wa upana wa milimita 75, ukigawanya kwa 43, ni milimita 1.7. Kata utepe wa karatasi kwa upana huo, upake rangi inayolingana na picha ya gari halisi, uweke doa la fedha mahali pa kifungo cha mkanda, kisha ulaze kwenye kiti kwa kibano. Kiti chenyewe kipake nyeusi isiyong'aa. Usukani uguse kwa nukta mbili tatu za rangi kama ni Formula 1 ya kisasa.

Sakafu, difuza (sehemu ya chini nyuma inayoongoza hewa) na matundu. Plastiki nyeusi inayong'aa haifanani na kaboni. Paka kijivu cha giza kisichong'aa. Kwenye nyavu za rejeta, weka majimaji meusi, yakauke, kisha chukua fedha kidogo sana kwenye brashi, ifute karibu yote kwenye karatasi, na upitishe juu juu. Vilele vya nyavu vitashika rangi, mashimo yatabaki meusi.

Dekali. Hizi zinauzwa kwa karatasi, zikilenga gari na skeli maalumu. Kata nembo karibu na ukingo wake, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde 20 hadi 30, kisha iweke mezani mpaka iteleze yenyewe juu ya karatasi. Lowanisha sehemu ya gari, itelezeshe mahali pake, sukuma maji kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda nje. Iache ilale usiku mzima. Kama sehemu ina mkunjo, kuna dawa za kulainisha dekali, lakini baadhi ni kali kwa rangi ya kiwandani. Ndiyo sababu ya lile jaribio la chini ya chesisi.

Umefaulu kama, kwa umbali wa mkono, huoni kingo za dekali na jicho linakimbilia ndani ya gari badala ya kuishia kwenye rangi ya nje. Kwa kioo cha kukuzia utaona makosa yako yote. Hata modeli za resini za bei kubwa zina makosa chini ya kioo hicho, usijitese.

## Hatua ya 9: Rekebisha yaliyovunjika

Kwa vioo, taa na kitu chochote kinachopitisha mwanga, tumia PVA pekee. Supagluu hutoa mvuke unaoacha utando mweupe kwenye plastiki angavu, na utando huo hautoki. Kwa kioo cha pembeni au antena, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi, gusa kiungo, shikilia kwa kibano, kisha egemeza na kipande cha utepe mpaka asubuhi.

Bawa la resini lililopinda hunyooka likiloweshwa kwenye maji ya moto kiasi, likanyooshwa polepole na kupozwa kwa maji baridi. Maji yasichemke. Bawa la daikasti usilikunje kabisa, litakatika.

## Hatua ya 10: Hifadhi bila kulipia mara mbili

Jua hufifisha nyekundu na rangi za kung'aa kabla ya nyingine zote, kwa hiyo kabati lisitazamane na dirisha. Taa za LED zinafaa. Balbu zinazotoa joto hazifai. Ziba mwanya wa milango kwa utepe wa sponji, na utapunguza kazi ya kufuta vumbi kwa kiasi kikubwa.

Unyevu ni adui wa daikasti na wa dekali. Weka vifuko vya silika kila rafu na uvibadilishe vikijaa. Unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 50 ni mahali salama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: matairi laini yana mafuta ya plastiki yanayotoka polepole na kuyeyusha kitako yanapokigusa. Baada ya miaka unainua gari na kukuta matairi yamezama. Inua gari milimita moja kwa kuweka washa ndogo (kipete bapa cha skrubu) kati ya chesisi na kitako kwenye tundu la skrubu, ili tairi liguse kwa shida au lisiguse kabisa. Vivyo hivyo, usifunike gari kwa sponji kwa miaka mingi. Sponji huoza na kung'ang'ania kwenye rangi.

Boksi, mfuniko wa nje na zile skrubu mbili vihifadhi kwenye mfuko wenye jina la gari. Utakapopata nakala bora ya gari ulilonalo tayari, la zamani likiwa na boksi na skrubu zake litauzika haraka, na fedha yake inarudi kwenye daftari siku hiyo hiyo.